Cha lazima na cha muhimu

Neno la Kiingereza "essential" tumezoea kulifasiri "muhimu", na mara nyingi fasiri hiyo inatosha. Katika somo la lishe haitoshi. Hapo inapotosha, na ingefaa tuiache.

Protini za mwili wa binadamu hujengwa kwa amino asidi 20. Kati ya hizo, 9 mwili hauwezi kuzitengeneza, kwa hiyo sharti zitoke kwenye chakula. Hizo 9 ndizo zinazopewa sifa hiyo. Tukiziita amino asidi muhimu, mwanafunzi ataelewa kwamba zile 11 nyingine hazina umuhimu, na hapo tutakuwa tumemfundisha uongo. Chukua glisini. Karibu theluthi ya kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, mifupa na kano, ni glisini tupu. Mwili hauna namna ya kuishi bila hiyo, ila unaitengeneza wenyewe. Kinachotenganisha makundi haya mawili ni mahali kirutubisho kinakotoka, wala si thamani yake. Ndiyo maana nashikilia tuseme amino asidi za lazima, na zile nyingine tuziite zinazotengenezwa mwilini.

Mama akielezwa hivyo kliniki, ataona pia kwa nini makande ni chakula cha maana. Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani. Maharage yana lisini ya kutosha, lakini methionini yake ni haba, na hiyo mahindi yanayo. Vikipikwa chungu kimoja, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Wakenya wanaokula githeri wanapata faida ileile.

Kwenye dawa mambo ni tofauti, na "muhimu" linakaa vizuri. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, lilichagua dawa zinazokidhi mahitaji makubwa ya afya ya watu wengi, kwa kuangalia ubora wa tiba, usalama na gharama. Huo ni upangaji wa vipaumbele. Dawa iliyoachwa nje ya orodha inaweza kumponya mgonjwa fulani vilevile.

Presha isiyo na chanzo kimoja kinachojulikana, ambayo ndiyo ya wagonjwa walio wengi, nayo hubeba sifa hiyohiyo kwa Kiingereza. Kuiita presha muhimu ni kichekesho kibaya kwa mgonjwa. Shinikizo la damu la msingi ndiyo kauli salama. Mafuta ya karafuu ya Pemba nayo yamo katika kundi lenye jina hilo, lakini huko maana ni kiini cha harufu ya mmea, kwa hiyo mafuta ya mnukio yanatosha.

Nikirudi kwenye lishe, ipo sababu nyingine ya kuchagua "lazima": neno hilo linakubali masharti. Arginini mtu mzima mwenye afya huitengeneza mwenyewe, lakini kwa mtoto njiti haitoshelezi, hivyo huhesabiwa kuwa ya lazima kwa masharti.