Jukwaa la Kamĩrĩĩthũ na Waliolijenga

Ramani ya kwanza ya ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ haikuchorwa kwenye karatasi. Wanakijiji walipanga vijiti vya kiberiti chini kuonyesha jukwaa likae wapi na watazamaji wakae wapi, kisha wakaunda kielelezo kidogo, na kielelezo hicho ndicho kilichowaongoza kujenga ukumbi wenyewe. Ilikuwa mwaka 1977, huko Limuru, Kenya. Wajenzi walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wakulima wenye vishamba vidogo na wengine wasio na ardhi kabisa.

Kamĩrĩĩthũ ni kijiji kilichotokana na Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, wakati serikali ya kikoloni ilipowahamisha Wakikuyu kwa nguvu na kuwarundika pamoja ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka 1976 wakazi wake walianza kufufua kituo chao cha vijana kiwe kituo cha elimu na utamaduni. Mwanamke mmoja wa kijijini alimwendea Ngũgĩ wa Thiong'o, jirani yao aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akamhimiza asaidie, na hakukoma kurudi mpaka akakubali. Kwanza yakaja madarasa ya kusoma na kuandika kwa watu wazima, chini ya Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Baada ya hapo ikaja tamthilia, Ngaahika Ndeenda, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda.

Wangeweza kukodi ukumbi mjini. Nairobi palikuwa na Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho, uliofunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule Hali ya Hatari ilipotangazwa. Ulijengwa kwa mtindo wa Uingereza: jukwaa limewekwa ndani ya fremu, pazia mbele, watazamaji wakiwa gizani wametazama upande mmoja. Mwaka 1976 tamthilia ya The Trial of Dedan Kimathi, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ilichezwa humo baada ya mvutano mkali, kwa kuwa siku zilizotolewa zilikuwa chache huku maonyesho ya kigeni yakipewa nafasi nzuri. Lakini hata kama Kamĩrĩĩthũ wangepewa siku zote walizotaka, naamini fremu ile ingewabana. Mchezo wao ulijaa nyimbo na ngoma, zikiwemo gĩtiiro za harusi, na gĩtiiro ni majibizano ya makundi mawili yanayoimbiana. Ngoma ya namna hiyo inataka uwanja.

Basi wakajenga uwanja. Jukwaa lilikuwa la nusu duara, limeinuliwa juu ya ardhi, na nyuma yake kulikuwa na ukuta wa mianzi uliopinda vilevile. Nyuma ya ukuta huo ilisimama nyumba ndogo yenye vyumba vitatu, iliyotumika kama stoo na mahali pa kubadilishia mavazi. Mbele ya jukwaa, viti virefu vya mbao vilipangwa kwa ngazi, vikiweza kubeba watu zaidi ya 2,000. Hapakuwa na pazia wala paa, na mvua iliponyesha ilimlowesha mwigizaji na mtazamaji sawasawa. Nafasi kubwa iliachwa pande zote, hivyo waigizaji waliweza kuingia na kutoka wakipita katikati ya watu.

Kuna tukio moja ambalo kila mwanafunzi wa sanaa za maonyesho angefaa kulijua. Nyuma ya viti ilikuwepo mikaratusi mirefu. Katika onyesho mojawapo, baadhi ya waigizaji waliipanda miti hiyo bila kuagizwa na mtu na wakaendelea kuimba wakiwa huko juu. Ghafla hadhira ikawa kijiji kizima chenye watu wapatao 10,000, wakiwemo wale waliokuwa majumbani kwao. Mbunifu anayepanga mipaka ya jukwaa lake kwa rula hawezi kupanga jambo kama hilo. Anachoweza ni kuacha mlango wazi ili litokee.

Vyombo vya jukwaani vilikuwa vichache na vilichaguliwa vizuri. Katika nyumba ya udongo ya Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu, hati ya ardhi imetundikwa ukutani ndani ya fremu. Watazamaji wanaiona tangu mwanzo, na wanaendelea kuiona wakati tajiri Kĩoi anapomshawishi Kĩgũũnda afunge ndoa ya kanisani kwa mkopo wa benki, mpaka shamba linaponadiwa. Kwa watu wa Limuru, ambao wengi walikuwa wamenyang'anywa ardhi au walizaliwa na walionyang'anywa, karatasi ile moja ilibeba uzito mkubwa kuliko mandhari yoyote ya rangi.

Mazoezi nayo yalifanyika hadharani, chini ya uelekezi wa Kĩmani Gecau. Watu walikuja, wakatazama, wakasahihisha. Wazee walifundisha jinsi wimbo fulani unavyoimbwa, na wafanyakazi wa viwandani walieleza jinsi kazi inavyofanywa hasa. Kwa hiyo onyesho la kwanza lilipofika, tarehe 2 Oktoba 1977, wengi wa watazamaji walikuwa wameshiriki kulitengeneza.

Leseni ilifutwa tarehe 16 Novemba, baada ya wiki chache tu za umati kumiminika kutoka mbali kwa mabasi ya kukodi. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini Kamĩtĩ bila mashtaka, hadi Desemba 1978. Ukumbi ulibaki umesimama. Mwanzoni mwa 1982 kikundi kilifanya mazoezi ya tamthilia nyingine, Maitũ Njugĩra, na kikanyimwa ruhusa ya kuicheza katika Ukumbi wa Kitaifa. Tarehe 11 Machi kituo chenyewe kilifutiwa usajili, na siku iliyofuata malori matatu ya polisi wenye silaha yalifika Kamĩrĩĩthũ wakaubomoa ukumbi mpaka chini.

Ubomoaji huu ndio unaonifanya niseme kwamba jukwaa lile lilikuwa hoja kamili kwa nafsi yake. Kupiga marufuku mchezo kulihitaji barua tu. Serikali iliona kwamba viti vile vya mbao na mianzi ile vingeweza kuzaa mchezo mwingine, na mwingine tena, hata waandishi wakiwa gerezani au ughaibuni.

Katika vyuo, anayesoma ubunifu wa jukwaa la kisasa huanzia kwa Adolphe Appia, Mswisi aliyekataa mapazia ya kuchorwa akapendelea ngazi na mwanga, na ambaye ukumbi wa Hellerau karibu na Dresden, mwaka 1912, ulifuata mawazo yake kwa kuacha pazia na fremu. Ni haki afundishwe. Lakini Kamĩrĩĩthũ nayo ilivunja fremu hiyo, kwa sababu zake yenyewe na kwa mikono ya watu wasiowahi kumsikia Appia, na inastahili kukaa katika somo hilohilo, ukurasa wa mbele.

Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Gecau walikimbilia Zimbabwe, na mbinu za Kamĩrĩĩthũ zikaingia katika tamthilia za jamii za nchi hiyo. Mwaka 2022 Ngaahika Ndeenda ilichezwa katika Ukumbi wa Kitaifa, Nairobi, ndani ya fremu ileile. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Mei 2025. Vijana waliokuwa na miaka 20 walipobeba mianzi wanakaribia 70 sasa. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti aende Limuru mapema, na daftari na futi ya kupimia, awaulize: safu za viti zilikuwa ngapi, jukwaa liliinuliwa kiasi gani, sauti ilifika wapi pasipo kipaza sauti, na nani alisema viti vikae upande ule na si upande huu.