Nyakati za Kifaransa Zilizopitia Ushirombo

Ushirombo ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, mkoani Geita, na hadi mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012 Bukombe ilikuwa sehemu ya Shinyanga. Barabara kuu inayotoka Isaka na Kahama hupita hapo ikielekea Rwanda na Burundi, na malori yanayoifuata hubeba shehena ya nchi ambako Kifaransa kimekaa ofisini na shuleni kwa miongo mingi. Hata hivyo, katika ukanda huu wa dhahabu na pamba, Kifaransa huhesabiwa kuwa lugha ya ugenini kabisa, na mwanafunzi anayekigusa huambiwa kwamba kikwazo kikubwa ni nyakati za vitenzi: ni nyingi, hazina mpangilio, na hazifanani na chochote anachokijua. Hoja yangu ni kwamba hilo si kweli, na kwamba ushahidi uko Ushirombo penyewe. Kitenzi cha Kifaransa na kitenzi cha Kisumbwa, lugha ya wenyeji wa hapo, vilikutana zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na waliovikutanisha walituachia njia ambayo shule zetu hazijaifuata.

Misheni ya Ushirombo ilifunguliwa mwaka 1891 na Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi huwaita Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Kardinali Lavigerie. Wengi wao walikuwa Wafaransa. Lavigerie aliwapa amri iliyokuwa ngumu kuitimiza: baada ya miezi sita ya kukaa mahali, wazungumze lugha ya wenyeji hata wao kwa wao, na waandike kamusi na sarufi zake. Amri hiyo ilizaa matunda upesi. Livinhac, aliyeongoza misheni ya Buganda, alitoa sarufi ya Kiganda mjini Paris mwaka 1885. Padri Capus wa shirika hilohilo alifanya kazi ya namna hiyo kwa Kisumbwa: hadithi, nyimbo na methali za Wasumbwa alizozikusanya zilichapishwa mwaka 1897, na sarufi yake ya Kisumbwa ikafuata mwaka 1898. Iliandikwa kwa Kifaransa, lakini ikachapishwa Berlin, katika jarida la Kijerumani lililoshughulikia lugha za Afrika na visiwa vya bahari kuu, kwa kuwa nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Basi lugha ya Bukombe ilielezwa kwa lugha ya Paris ili isomwe na wataalamu wa Berlin, na waliokuwa walimu wa kweli wa kazi ile, yaani Wasumbwa waliosahihisha matamshi na kueleza maana, hawakuwekwa jina juu ya jalada.

Mwaka uleule wa 1891, tawi jingine la Wasumbwa lilikuwa likikutana na Kifaransa kwa njia ya damu. Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa Kisumbwa aliyefuata shaba ya Katanga, alikuwa amejijengea dola yake yenye makao Bunkeya. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wafuasi wake, wanaojulikana kama Wayeke, wakawa raia wa nchi ambayo Kifaransa kilikuwa lugha ya serikali na ya elimu ya juu. Ndugu zao waliobaki Ushirombo walipata Kijerumani, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakapata Kiingereza. Watu wa asili moja wakagawanywa na mipaka, upande mmoja mtoto akikariri nyakati za Kifaransa shuleni, upande wa pili akikua bila kuzisikia. Kwa hiyo umbali tunaouona leo kati ya Geita na Kifaransa ulitokana na siasa za wakoloni, wala haukutokana na ugumu wa lugha yenyewe.

Tuitazame lugha yenyewe. Wakati unaoogopwa kuliko yote katika Kifaransa ni ule unaoitwa subjonctif. Mfaransa husema “je veux qu’il aille”, na mwanafunzi aliyefundishwa kupitia Kiingereza huduwaa, kwa sababu Kiingereza cha kila siku hakibadilishi kitenzi mahali hapo kwa namna inayoonekana. Lakini Kiswahili husema “nataka aende”, na hiyo -e ya mwisho ndiyo kazi yote. Lazima uondoke: “il faut que tu partes”. Naogopa asije akaanguka: “j’ai peur qu’il ne tombe”. Mtoto wa Kahama hutumia umbo hili kabla hajaanza shule, na kiishio hicho cha -e kimeenea katika lugha za Kibantu kote. Mwalimu anayemfikisha kwenye subjonctif kwa kupitia Kiingereza anamvusha mto mara mbili ilhali alikuwa tayari ng’ambo. Vivyo hivyo kwa imparfait: “je travaillais quand la pluie est tombée” ni “nilikuwa nafanya kazi mvua iliponyesha”, tendo moja likiwa limetandazwa na jingine likiingia katikati yake. Kiswahili huionyesha tofauti hiyo waziwazi kwa “nilikuwa na-” na “nilikuwa niki-”, na mazoea ya zamani, kama “nilikuwa nikienda sokoni kila Jumamosi”, nayo huingia katika imparfait ileile.

Kuna pingamizi lenye uzito. Mtu anaweza kusema kwamba mapadri wale hawakuzisikiliza lugha zetu, kwamba walizimimina katika kalibu ya Kilatini na Kifaransa waliyoikariri seminarini, na kwamba kuwafuata ni kurudia kosa lao. Sehemu ya pingamizi hilo ni ya kweli. Sarufi za wakati ule hupanga vitenzi vya Kibantu chini ya vichwa vya Kifaransa hata pale visipokaa sawa. Lakini kalibu isiyotosha hujionyesha yenyewe. Anayejifunza Kiganda hana budi kuchagua kati ya nkoze, nakoze na nakola kwa kupima jambo lilitendeka karibu au zamani, na Kisukuma nacho hutenganisha yaliyopita kwa namna inayokaribiana na hiyo. Kifaransa cha Livinhac na Capus hakikuwa na kipimo hicho katika mazungumzo. Zamani kilikuwa nacho: sarufi ya Port-Royal ya mwaka 1660 ilifundisha kwamba “j’ai écrit” ni ya leo na “j’écrivis” ni ya siku iliyokwisha kupita. Kanuni hiyo ilikufa midomoni mwa watu, na umbo hilo la pili, linaloitwa passé simple, likabaki kwenye maandishi. Maana yake ni kwamba msemaji wa Kisukuma anayesoma Kifaransa cha karne ya 17 angeielewa kanuni ile upesi kuliko Mfaransa wa leo. Kwa mwanafunzi wa sasa somo ni fupi: ajue kuitambua passé simple vitabuni, na asipoteze nguvu kuizungumza.

Pingamizi la pili ni kwamba ufanano huu unaweza kupoteza mtu. Ni kweli, na mahali pa hatari panajulikana. Kiswahili hutenganisha “alikwenda” na “amekwenda”, ilhali Kifaransa cha mazungumzo husema “il est allé” kwa yote mawili. Hapo mwanafunzi wetu atatafuta tofauti isiyokuwepo. Hatari kubwa zaidi iko kwenye masharti. Sisi husema “kama ningekuwa na fedha, ningenunua ng’ombe”, -nge- pande zote mbili. Kifaransa huweka imparfait upande wa si na conditionnel upande wa pili tu: “si j’avais de l’argent, j’achèterais une vache”. Anayetafsiri moja kwa moja atasema “si j’aurais”, kosa ambalo hata watoto wa Ufaransa husahihishiwa. Hata hivyo, mitego hii haiangushi hoja. Mtego unaotoka katika lugha ya nyumbani mwalimu anaweza kuutaja mapema na kuufunga. Unaotoka katika Kiingereza ambacho mwanafunzi mwenyewe bado anakipapasa hauonekani hata unapomnasa.

Wapo pia watakaouliza kama Kifaransa kina kazi yoyote kwa kijana wa machimbo ya Geita au Bulyanhulu. Jibu liko barabarani. Burundi iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na Kongo tangu 2022, na biashara ya magharibi hupita mlangoni pake. Kiswahili kitamvusha sehemu kubwa ya mazungumzo. Lakini hati za forodha na mikataba ya huko atahitaji kuzisoma kwa Kifaransa. Kwa kazi hiyo nyakati tano zinatosha kuanzia: présent, passé composé, imparfait, futur na conditionnel, pamoja na subjonctif anayoijua tayari kwa jina jingine.

Zana zipo. Herman Batibo, Mtanzania, aliandika kwa Kifaransa uchambuzi wa Kisukuma uliochapishwa Paris mwaka 1985, na Kulikoyela Kahigi, aliyewahi kuwa mbunge wa Bukombe, alitoa kamusi ya Kisumbwa, Kiswahili na Kiingereza mwaka 2008. Vitabu hivyo viwekwe katika maktaba za sekondari za Bukombe, Kahama na Geita, na mwalimu wa Kifaransa aanze somo la subjonctif kwa kuandika ubaoni “nataka uje”.