Hisa ya shilingi 600 na kipimo cha mwaka 1614

Watu wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, wanaijua NMB kama benki ya wilayani, mahali mwalimu anapochukulia mshahara. Ilizaliwa mwaka 1997, Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ilipogawanywa. Mwaka 2008 Serikali iliwauzia wananchi sehemu ya hisa zake kwa shilingi 600 kila moja, na Novemba mwaka huo zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililokuwa limefungua milango Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya TOL.

Mwaka 2024 bei ya hisa ya NMB ilikwisha kuvuka shilingi 4,800. Kufikia hapo ilikuwa imepanda maradufu mara tatu: 1,200, 2,400, kisha 4,800.

Ichore safari hiyo kwa kipimo cha kawaida, kimo cha sentimita 21. Hatua ya kwanza itapata sentimita 3, ya pili 6, ya tatu 12. Anayeitazama ataona kana kwamba mwanzoni hapakuwa na faida ya maana. Lakini aliyenunua kwa 600 akauza kwa 1,200 alipata asilimia ileile ya aliyenunua kwa 2,400 akauza kwa 4,800. Kipimo cha logi (logarithmu), kinachoonyesha uwiano badala ya tofauti, huzipa hatua zote tatu haki sawa: sentimita 7 kila moja.

Logi zilitangazwa na John Napier wa Scotland mwaka 1614, zikawapunguzia wataalamu wa nyota na mabaharia kazi ya kuzidisha namba ndefu. Mwaka 1863 Mwingereza William Stanley Jevons alizitumia kuchora mwenendo wa bei, akichunguza jinsi dhahabu ya California na Australia ilivyoshusha thamani ya pesa. Mwaka 1917 mchumi Irving Fisher wa Marekani aliandika kuitetea chati ya namna hiyo, kwa kuwa inaonyesha uwiano.

Chati hiyo haihesabu gawio wala mfumuko wa bei, na haiahidi bei ya kesho. Hata hivyo, logi ni somo la sekondari. Mwalimu wa hesabu Kasulu akiwapa wanafunzi bei hizi na rula, watajifunza logi na fedha kwa pamoja. Bei ikipanda, mwenye hisa kumi Kibondo hupata asilimia ileile ya mwenye hisa laki moja Dar es Salaam. Wote wawili wanastahili kujua kuisoma chati hiyo.