Chokaa, Boriti na Masika: Historia ya Kuitunza Nyumba ya Pwani

Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zilipotia nanga Malindi, mwandishi wa kumbukumbu za safari ile aliusifu mji. Aliona nyumba ndefu, zenye madirisha mengi, zilizopakwa chokaa vizuri, akakumbuka Alcochete, mji wa kwao ulioko ng'ambo ya mto kutoka Lisbon. Habari hiyo imenukuliwa mara nyingi kuonyesha utajiri wa Waswahili kabla ya Wareno. Inaonyesha jambo jingine pia, ambalo wanahistoria hulipita haraka. Pwani yetu ina masika na vuli, ina upepo wenye chumvi na unyevu usioisha. Ukuta mweupe ukiachwa peke yake huanza kwa madoa ya kijivu, halafu kuvu huushika, halafu huwa mweusi. Malindi ilimeta mbele ya Wareno kwa sababu wenyeji wake walikuwa wameipaka chokaa siku si nyingi kabla, na walikuwa na mazoea ya kuipaka tena na tena.

Historia ya majengo ya pwani huandikwa kwa majina ya waliojenga: sultani fulani, msikiti fulani, karne fulani. Waliopanda juu kuziba nyufa hawatajwi. Lakini nyumba ya mawe ya Mswahili haikukusudiwa kusimama bila kuguswa. Tangu siku ya kwanza ilihesabiwa kuwa itafanyiwa kazi kila mwaka, na mji uliweza kuihudumia maadamu chokaa, miti, fundi na mwenye nyumba vilipatikana kwa pamoja.

Ujenzi wenyewe ulianza kwa miti na udongo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji walioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale. Ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Baadaye ikaja ya mawe. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika kwamba nyumba nyingi ni za mbao, ingawa wakati huo Husuni Kubwa, jumba la mawe la sultani, lilikuwa limekwisha kupanda juu ya jabali lake. Mawe hayakuifuta miti. Viliishi pamoja, na vilitunzwa kwa maarifa yanayofanana.

Mawe yalikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na matumbawe laini yaliyokatwa baharini yangali mabichi, yakachongwa kwa nakshi za mihirabu na miimo ya milango kabla hayajakauka na kuwa magumu. Na kulikuwa na mawe magumu ya nchi kavu, yaani miamba ya kale iliyoachwa na bahari, yaliyotumika kwa kuta. Vyote viwili vilihitaji chokaa kuvishika, na chokaa ilitoka katika mawe hayo hayo.

Tanuu la chokaa lilikuwa jambo la kuonekana kutoka mbali. Magogo yalipangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, mawe yakarundikwa juu, moto ukatiwa katikati. Joto linapokaribia nyuzi 900 jiwe huachia hewa ya ukaa na kubaki jepesi, jeupe, lenye kiu kali ya maji. Likimwagiwa maji huchemka na kusambaratika kuwa unga. Fundi mzuri hakuutumia unga huo upesi. Aliuacha uive kwa miezi, ukinyeshewa na kugeuzwa, maana punje ambayo haijazimika ikiingia ukutani itakuja kuvimba baadaye na kuitoboa lipu kutoka ndani. Ikishapakwa, chokaa huivuta tena hewa ya ukaa kidogo kidogo na kurudi kuwa jiwe. Ndiyo maana ukuta wa chokaa huzidi kuwa mgumu miaka mingi baada ya fundi kuondoka.

Juu ya kuta zililala boriti. Hizi ni nguzo za mikoko, zilizokatwa katika delta ya Rufiji, Lamu na kwingineko, na urefu wake ndio uliokata shauri la upana wa chumba. Ukiingia katika nyumba ya kale ya Lamu au Unguja utaona vyumba virefu na vyembamba, vya upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti haikuweza kubeba zaidi ya hapo. Kipimo hicho kilivuka bahari. Mwaka 1939 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alikuwamo katika jahazi la Kuwait lililoingia Rufiji kupakia boriti kwa ajili ya nyumba za Ghuba, ambako miti ya kujengea haikuwapo. Kwa hiyo ukumbi wa Kuwait na ukumbi wa Lamu ulipimwa kwa mti mmoja.

Juu ya boriti zilipangwa vipande vya mawe, kisha zikamwagwa kokoto, mchanga na chokaa. Hapo ndipo kazi ilipohitaji umati. Sakafu ya juu ilipigiliwa kwa vigongo vya mti, watu wamejipanga kwa safu, wakipiga kwa pamoja kufuata wimbo, mpaka mchanganyiko ukashikamana na maji yakapanda juu. Iliendelea kwa siku kadhaa. Ni rahisi kuisimulia kazi hiyo kama sherehe, na nyimbo zilikuwapo kweli. Lakini katika Unguja ya karne ya 19, mji ulipokuwa ukipanda kwa kasi chini ya masultani wa Kiomani, wengi wa waliovishika vigongo hivyo walikuwa watumwa. Uimara wa majumba yale una jasho ambalo halikulipwa, na kila anayeyasifu yafaa alijue hilo.

Sakafu hiyo ya juu ndiyo pia iliyokuwa udhaifu wa nyumba nzima. Jua huipanua mchana, usiku hujikunja, nyufa nyembamba hujitokeza. Maji ya masika yakipita katika ufa hayaonekani kwa haraka. Huteremka hadi kwenye ncha ya boriti, pale ilipozamishwa ndani ya ukuta, yakakaa humo gizani. Mkoko huvumilia mengi lakini hauvumilii kulowa mfululizo. Ncha huoza, mchwa humalizia. Kutoka chini dari huonekana nzima hadi siku inapokatika.

Kazi za matunzo zilielekezwa huko. Kabla ya mvua, nyufa za juu zilizibwa kwa chokaa laini. Milizamu, ile mifereji inayotoka ukutani kumwaga maji mbali na nyumba, ilizibuliwa majani na viota. Miche ya mivinje au mitini iliyoota katika viungo vya mawe iling'olewa ingali midogo, maana mzizi wa mtini ukikomaa hauwezi kung'oka bila kuondoka na ukuta. Baada ya mvua kuta zilipakwa chokaa upya. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo iliyohitaji utajiri. Zilihitaji kutosahauliwa.

Nyumba za udongo, walimokaa watu wengi zaidi kuliko katika za mawe, zilikuwa na ratiba yake. Ukuta wa miti na fito ulikandikwa, ukapasuka ulipokauka, ukakandikwa tena. Makuti ya viungo yaliezekwa kuanzia chini kwenda juu, yakafungwa kwa kamba, na baada ya miaka michache yakaezuliwa na kuezekwa mapya. Jirani alikuja na msaada wake kwa kuwa zamu yake ilikuwa inakuja.

Kisha yakaja mabati. Katika Mji Mkongwe wa Unguja wenye majumba walichoka na dari zinazovuja, wakapandisha mapaa ya mabati yenye mteremko juu ya sakafu za zamani. Wasioweza kununua mabati walitumia debe za mafuta ya taa, zikakatwa, zikanyooshwa kwa nyundo na kupigiliwa misumari mojamoja. Mitaa ya Dar es Salaam na Ng'ambo ya Unguja ilikuwa na mapaa mengi ya namna hiyo, yaliyoota kutu ya rangi tofauti. Hata msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 1107 katika kibla chake, umefunikwa mabati. Mgeni anayeuona kwa nje hudhani ni jengo la juzi. Ulijengwa upya karne ya 18, ukaendelea kutengenezwa, na mpaka leo watu wanasali ndani yake. Msikiti Mkuu wa Kilwa nao uliporomoka sehemu ukiwa bado mji una nguvu, na ukajengwa upya karne ya 15. Tofauti ni kwamba Kilwa ilikuja kupungukiwa na watu wa kuutunza.

Pesa za matengenezo zilikuwa na njia zake pia. Nyumba nyingi za Unguja na Lamu ziliwekwa wakfu, kwa ajili ya msikiti au kizazi cha mwenye mali, na katika sheria ya wakfu mapato ya nyumba huanza kwanza kwa kuitengeneza nyumba yenyewe kabla hajalipwa yeyote. Ni kanuni ya kifedha yenye busara kubwa, na haikufuatwa siku zote. Wasimamizi wengine walikula kodi na kuacha dari zidondoke. Lakini ilimpa fundi mahali pa kudai ujira wake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mnyororo huo ulikatika katika Mji Mkongwe. Wenye nyumba wengi waliondoka au walinyang'anywa, na serikali ikagawa majumba kwa familia zilizokuwa na haja ya kweli ya makazi. Jumba lililojengwa kwa ukoo mmoja likawa na familia tano au sita. Kodi ilikuwa ndogo, na hakuna aliyejua sakafu ya juu ni jukumu la nani. Vyoo na mabomba viliongezwa katika ghorofa za juu, maji yakaanza kuvuja ndani ya kuta hata wakati wa kiangazi. Kuwalaumu wapangaji si haki. Walipewa vyumba, hawakupewa njia ya kuvitunza.

Wakati huo huo saruji ilikuwa imefika karibu. Kiwanda cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilianza kuzalisha mwaka 1954; cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Saruji hukauka haraka, haihitaji kuivishwa kwa miezi, na fundi yeyote kijana anaijua. Kwa nyumba ya matofali ni neema. Kwa ukuta wa matumbawe na chokaa ni balaa, na hili linapaswa kusemwa waziwazi kwa kila mwenye nyumba ya kale. Ukuta ule hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia lipu. Ukiufunga kwa saruji, unyevu hupanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea, chumvi zake zinaganda nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache saruji hubanduka kwa mabamba makubwa, ikiondoka na uso wa jiwe. Nyuma yake ncha za boriti zimelowa.

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na mji ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu ikafuata 2001. Kilwa Kisiwani, iliyokuwa katika orodha hiyo tangu 1981, iliwekwa kati ya maeneo yaliyo hatarini mwaka 2004 na kuondolewa huko mwaka 2014, baada ya kuta kuimarishwa. Heshima hizo hazikuzuia kila kitu. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilipoteza sehemu yake moja mwaka 2012, kisha tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya matengenezo, upande mkubwa wake ulianguka na watu wawili wakafa. Jumba hilo lilikuwa limesubiri mno.

Mafundi wanaoijua chokaa bado wapo Unguja na Lamu, na mapishi ya kazi yao ni ya kueleweka. Kwanza hutafutwa chanzo cha maji: paa, mlizamu, bomba, udongo uliorundikwa dhidi ya ukuta. Saruji iliyopakwa zamani hubomolewa kwa uangalifu, ukuta huachwa upumue mpaka ukauke. Viungo vya mawe hujazwa, kisha lipu ya chokaa na mchanga hupakwa kwa matabaka membamba, kila moja likilowanishwa lisikauke upesi. Boriti iliyooza ncha hubadilishwa moja moja huku sakafu imeegemezwa. Mwisho hupakwa chokaa nyembamba kwa brashi, na kazi hii ya mwisho mwenye nyumba aweza kuirudia mwenyewe kila mwaka, kama familia nyingi zinavyopaka nyumba kabla ya Idi.

Ugumu wa sasa uko katika malighafi. Kenya ilizuia kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982, na ukataji wa mikoko unadhibitiwa pande zote za mpaka. Uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya chokaa uliharibu miamba ya bahari huko Mafia na Mtwara, miamba ambayo ni mazalio ya samaki wa wavuvi wa huko huko. Chokaa ya nyumba za kale inapaswa kutoka katika mawe ya nchi kavu, na matanuu yake yachome kuni zilizopandwa kwa kazi hiyo, si mikoko. Boriti chache zinazoruhusiwa kukatwa zielekezwe kwanza kwenye nyumba ambazo vyumba vyake vilipimwa kwa boriti, kabla ya kwenda kwenye mabanda na uzio wa mahoteli.