Nani anamlisha nani? Uwiano wa utegemezi Tanzania, kutoka sensa ya 1978 hadi ya 2022

Mada ya leo ina jina la kutisha kidogo, lakini ukiielewa utaona inaongelea sahani ya ugali ya nyumbani kwenu. Kuna jamaa kijiweni aliniuliza "hivi uwiano wa utegemezi ndo nini?" baada ya kusikia redioni. Nikajibu kwa kubabaisha. Nikaona aibu, form six mzima! Basi nikakaa chini, nikapitia ripoti za sensa, na haya ndiyo niliyoyapata. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama muda wako kafe unakaribia kuisha, hifadhi ukurasa usome baadaye.

Uwiano wa utegemezi ni nini?

Wataalamu wa takwimu wanagawa watu wa nchi katika mafungu matatu kwa umri:

1. Watoto: miaka 0 hadi 14
2. Nguvu kazi: miaka 15 hadi 64
3. Wazee: miaka 65 na kuendelea

Unajumlisha watoto na wazee, unagawa kwa nguvu kazi, unazidisha kwa 100. Jibu linakuambia kila watu 100 wenye umri wa kufanya kazi wana wategemezi wangapi. Ikitoka 50, maana yake watu wawili wanambeba mmoja. Ikitoka 100, kila mmoja ana mtu wake mgongoni.

Chukua nyumbani kwetu. Tuko saba: kaka, shemeji, mimi, watoto watatu wa kaka, na bibi mwenye miaka 71. Kwa hesabu hii nguvu kazi ni watatu (kaka, shemeji na mimi), wategemezi ni wanne. Nne gawa kwa tatu, zidisha kwa 100, unapata 133. Nyumba imeelemewa! Shikilia huo mfano, nitaurudia mbele, maana una kasoro.

Namba za Tanzania sensa kwa sensa

Tangu Muungano tumehesabiwa mara sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Sensa ya 1967 ilikuta watu milioni 12.3. Kuanzia hapo picha ni hii (uwiano ni wa kukadiria kwa namba nzima):

- 1978: watu milioni 17.5, uwiano karibu 100
- 1988: watu milioni 23.1, uwiano karibu 100
- 2002: watu milioni 34.4, uwiano kama 93
- 2012: watu milioni 44.9, uwiano kama 92
- 2022: watu milioni 61.7, uwiano kama 87

Unaona mwendo wake? Miaka ya 70 na 80 ulikuwa nusu kwa nusu. Katika kila Watanzania 100, kama 46 walikuwa watoto chini ya miaka 15 na kama wanne walikuwa wazee. Baada ya hapo uwiano umeshuka, ila kwa mwendo wa kobe. Kutoka 2002 hadi 2012 ulishuka kama pointi moja tu! Miaka kumi iliyofuata ukashuka kama tano.

Na mzigo wetu ni wa watoto, sio wa wazee. Katika ile 87 ya 2022, kama 80 ni watoto na kama saba tu ndio wazee. Japani ni kinyume: katika kila wenye umri wa kazi 100, watoto hawafiki 20 lakini wazee wanakaribia 50. Kwa hiyo ukisikia nchi mbili zina uwiano unaokaribiana usidhani zina shida moja. Sisi tunatafuta madawati, wao wanatafuta wa kuwatunza wazee.

Kwa nini ulipanda, na kwa nini unashuka polepole?

Wengi tunadhani uwiano ulikuwa juu kwa sababu watu walianza kuzaa sana. Kumbe walikuwa wanazaa sana tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba watoto walianza KUPONA. Zahanati zilifika vijijini baada ya Uhuru, chanjo zikaja, na mtoto ambaye zamani angezikwa akaishi akaenda shule. Hiyo ni habari njema, lakini kwenye hesabu inaonekana kama mzigo.

Kazi hiyo bado inaendelea. Utafiti wa 1999 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 147 walikuwa wanakufa kabla ya kufika miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulikuta 43. Hayo ni maendeleo makubwa kuliko barabara yoyote ya lami.

Sasa upande wa kuzaa. Mwanzoni mwa miaka ya 90 mwanamke wa Tanzania alikuwa anazaa kwa wastani watoto zaidi ya sita maishani mwake. 2004/05 ilikuwa 5.7, 2010 ikawa 5.4, 2015/16 ikawa 5.2, na 2022 ikawa 4.8. Inashuka, lakini vifo vya watoto vimeshuka kwa kasi kubwa zaidi. Ndiyo maana fungu la watoto halipungui haraka.

Mjini na kijijini pia ni dunia mbili. Mwaka 2022 wastani wa mjini ulikuwa watoto 3.6, kijijini 5.5. Halafu vijana wanahama kijijini kuja mjini wakiwa na miaka 18, 20, 25. Dar es Salaam inajaa nguvu kazi, kijijini wanabaki watoto na wazee. Ukitazama uwiano wa taifa peke yake, hilo hulioni.

Tusisahau UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na kwa miaka zaidi ya 20 ugonjwa ule ulichukua watu wa umri wa kazi hasa, baba na mama. Kuna bibi walilea wajukuu watano, sita, bila mtu wa katikati. Kuanzia 2004 dawa za ARV zilipoanza kutolewa bure, hali ikaanza kubadilika.

Uwiano umeshuka, mbona madarasa yanajaa?

Hapa ndipo nilipokwama mpaka nikachukua kikokotoo. Mwaka 2012 watoto chini ya miaka 15 walikuwa asilimia 43.9 ya watu milioni 44.9, yaani kama milioni 19.7. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 42.8 ya watu milioni 61.7, yaani zaidi ya milioni 26. Asilimia imepungua, lakini watoto WENYEWE wameongezeka zaidi ya milioni sita ndani ya miaka kumi!

Kwa hiyo akija mtu akakwambia "uwiano umeshuka, tumepumua", mwambie bado. Ongezeko la watu wote kati ya sensa hizo mbili ni karibu milioni 17, linakaribia idadi ya Watanzania wote wa mwaka 1978.

Kasoro za fomula (rudi nyumbani kwetu)

Nilisema mfano wetu una kasoro. Kwenye fomula mimi ni nguvu kazi. Nina miaka 20, nimemaliza form six, afya ninayo. Lakini kazi sina, naandika hapa nikipata vibarua viwili vitatu. Ukweli usemwe: nakula kwa kaka.

Na bibi? Kwenye fomula ni tegemezi. Lakini bibi anaamka saa kumi alfajiri kuchoma vitumbua, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyonilipia twisheni, sare na nauli kwa miaka miwili. Nilipopiga ile hesabu ya 133 nikamwonyesha, nikamwambia "bibi, serikali inasema mimi ndiye ninayekulisha." Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanyamaza, akaniambia "basi kesho uamke saa kumi." Na niliamka wadau, sikuwa na jinsi.

Kwa hiyo fomula inapima UMRI, haipimi kazi wala kipato. Mwanafunzi wa miaka 16 anahesabiwa nguvu kazi. Mtumishi wa umma aliyestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 bado anahesabiwa nguvu kazi hadi afike 65. Mkulima wa miaka 70 mwenye jembe mkononi anaitwa tegemezi. Tuitumie namba hii kujua mwelekeo wa nchi, tusiitumie kumdharau mtu.

Na wazee wetu wanachapa kazi kwa sababu wengi hawana pensheni, maisha yao yote yalikuwa shambani au kwenye biashara ndogo. Zanzibar walianza Pensheni Jamii mwaka 2016, kila mwenye miaka 70 na kuendelea analipwa kila mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Walianza na shilingi 20,000. Ni kidogo, lakini ni heshima.

Majirani na wengine

Kenya walianza mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967. Mwishoni mwa miaka ya 70 wastani wao ulikuwa kama watoto wanane kwa mwanamke, kati ya walio juu kabisa duniani. Mwaka 2022 ulikuwa 3.4. Uwiano wao wa utegemezi ulitoka kama 87 kwenye sensa ya 2009 ukawa kama 75 kwenye sensa ya 2019. Yaani sisi 2022 tulikuwa pale walipokuwa wao 2009.

Korea Kusini miaka ya 60 walikuwa zaidi ya 80. Miaka ya 2010 wakashuka chini ya 40. Katikati hapo, wale watoto wengi wa zamani walikuwa wamekua, wamesoma, na wakakuta VIWANDA vinawasubiri. Hilo ndilo wataalamu wanaliita faida ya idadi ya watu. Lakini haiji yenyewe. Kijana asiye na kazi hapunguzi utegemezi hata kidogo, fomula itasema anachosema, kaka yake ndiye anayejua.

Sasa tufanyeje?

Mambo mawili nayaona kwenye takwimu zenyewe.

La kwanza, wasichana wabaki shule. Utafiti wa 2015/16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. 2022 ikawa asilimia 22. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi ya Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Na Novemba 2021 serikali iliruhusu waliojifungua kurudi shule.

La pili ni kazi. Ada ilifutwa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Vizuri sana. Lakini wale watoto milioni 26 wa sensa ya 2022 wanaingia umri wa kazi mmoja mmoja, kila mwaka, wana vyeti mkononi. Wakikuta kazi, nchi itapumua. Wasipokuta, watakuwa kama mimi, nguvu kazi kwenye karatasi.

Haya wadau, piga hesabu ya nyumbani kwenu uandike hapo chini: kwa fomula mmepata ngapi, na kwa UKWELI nani anamlisha nani? Mimi naishia hapa, kesho saa kumi nina vitumbua.