Uhaba Hauhifadhiwi: Vitu vya Kuchezea kama Kitega Uchumi

Kitu cha kuchezea kinapoingizwa katika hesabu za uwekezaji, hatima yake hubadilika, kwani kile kilichotengenezwa ili kishikwe, kichafuliwe na hatimaye kivunjike hutakiwa sasa kikae miaka ishirini ndani ya boksi lisilofunguliwa. Makala hii inashikilia kwamba badiliko hilo ndilo kiini cha hatari ya biashara hii, kwa sababu uhaba unaopandisha bei ya vitu hivi huletwa na watoto waliovichezea hadi vikaisha, na pale wanunuzi wote wanapoamua kuvihifadhi, uhaba huo hauzaliwi.

Faida zipo, na si haki kuzikana. Mwaka 2022 watafiti Victoria Dobrynskaya na Julia Kishilova walichapisha uchunguzi wa seti 2,322 za Lego, yaani matofali ya plastiki ya kuunganisha kutoka Denmark, zilizotolewa kati ya 1987 na 2015, wakaona kwamba bei za seti ambazo hazijafunguliwa zilipanda kwa wastani wa takriban asilimia 11 kwa mwaka baada ya kampuni kuacha kuzitengeneza. Kiwango hicho kingemfurahisha mwenye hisa yeyote. Hata hivyo wastani huo umefunika tofauti kubwa mno, kwani uchunguzi huohuo ulionyesha seti zilizopoteza nusu ya thamani yake na nyingine zilizopanda mara kadhaa, na mnunuzi wa kawaida hanunui wastani, bali hununua seti chache anazozimudu. Zaidi ya hapo, kitu cha kuchezea hakina gawio, yaani ile sehemu ya faida ambayo kampuni humlipa mwanahisa hata kabla hajauza hisa zake; faida yake yote husubiri siku ya kuuza, na siku hiyo mwenye mnada, msafirishaji na mtoza kodi nao huchukua chao. Nchini Marekani, kwa mfano, faida ya muda mrefu itokanayo na vitu vya ukusanyaji hutozwa hadi asilimia 28, ilhali kiwango cha juu kwa hisa ni asilimia 20.

Hatari nyingine imo mikononi mwa mtengenezaji. Seti ya Lego ya Taj Mahal, yenye vipande zaidi ya 5,900, ilitoka mwaka 2008 kwa takriban dola 300, na ilipoacha kutengenezwa ikawa inauzwa kwa maelfu ya dola baina ya wakusanyaji. Lakini mwaka 2017 kampuni ilitoa nyingine inayokaribia kuwa ileile kwa dola 370, na bei ya ile ya zamani ikaporomoka. Aliyeiweka kabatini hakukosea katika utunzaji wake. Alichokosa ni mamlaka juu ya uhaba aliokuwa akiutegemea. Plastiki yenyewe nayo haina subira, kwa kuwa matofali meupe hugeuka manjano yakipigwa na mwanga wa jua, na midoli ya plastiki laini hutoa jasho la kunata kadiri viungo vilivyotiwa ili kuilainisha vinavyotoka nje.

Mfano unaofundisha zaidi ni ule wa Beanie Babies, wanyama wadogo wa kitambaa waliojazwa punje za plastiki, ambao Ty Warner wa Marekani aliwaingiza sokoni mwaka 1993 kwa dola 5 hivi kila mmoja. Kampuni yake iliwauza katika maduka madogo, ikakwepa yale makubwa, na mara kwa mara ikatangaza kwamba mnyama fulani hatatengenezwa tena. Watu wazima wakaanza kununua kwa wingi, wakivalisha lebo nyekundu yenye umbo la moyo kifuniko cha plastiki ili isikunjike ncha, maana lebo iliyokunjika ilishusha bei. Ikumbukwe kwamba kwa kawaida lebo ya aina hiyo hukatwa, kisha mtoto akapewa mnyama wake. Kule lebo hiyo kuwa kitu kilicholindwa kuliko vyote kunaonyesha jinsi soko lilivyokuwa limejitenga na mchezo. Mwishoni mwa Agosti 1999 kampuni ilitangaza kwamba ingesitisha uzalishaji wote mwisho wa mwaka, kisha ikaendelea kuzalisha, lakini tayari walanguzi walikuwa wameanza kugundua kwamba kila mmoja wao alikuwa na akiba ileile.

Linganisha na vinyago vya wahusika wa filamu ya Star Wars ambavyo kampuni ya Kenner ilianza kuviuza mwaka 1978. Vifungashio vyake vilichanwa siku ileile ya kununuliwa, silaha zake ndogo zikapotea mchangani, na ndiyo maana vichache vilivyosalia vizima vina thamani kubwa leo. Sampuli ya mwaka 1979 ya Boba Fett arushaye roketi, mmoja wa wahusika hao, ambayo haikuwahi kufika madukani kwa sababu ya usalama wa watoto, iliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa dola 525,000. Hakuna aliyeweza kuipanga thamani hiyo mwaka 1979, wala kuinunua dukani. Beanie Babies nao, zaidi ya miaka 25 tangu kishindo chao kipoe, wengi wao huuzwa kwa dola chache tu, lebo zao zikiwa bado safi.