Dakika 33 zilizopotea kwa mizani ya majani chai

Wasee, hili ni kosa langu mwenyewe, msicheke sana.

Baada ya kuacha chuo nilirudi nyumbani Bomet, nikaandikia kikundi cha wakulima kaprogramu ka Python ka kurekodi majani chai: jina, kilo, saa ya kupima. Wiki ya kwanza mama mmoja akanijia amewaka. "Kijana, nilipima saa nane na dakika kumi, lori likiwa hapo. Hii simu yako inasema saa nane na dakika arobaini na tatu, lori limeshaenda. Kwani nilipimia nani, upepo?"

Ingekuwa saa tatu kamili ningeelewa, hiyo ndiyo tofauti yetu na Greenwich. Lakini dakika 33?

Usiku huo nikajua. Nilitumia maktaba ya pytz na nikaibandika Africa/Nairobi moja kwa moja kwenye tzinfo. Ukifanya hivyo, pytz inachukua mstari wa kwanza kabisa wa historia ya Nairobi, na huo si saa tatu. Ni saa mbili na dakika 27: saa ya jua. Dunia huzunguka digrii moja kila dakika nne, na Nairobi iko kama digrii 36.8 mashariki ya Greenwich. Piga hesabu. (Kericho iko kama 35.3, kwa hivyo jua letu liko nyuma ya la Nairobi kwa dakika sita hivi. Hilo halimo kwenye faili yoyote.)

Nikafungua faili yenyewe, ile hifadhi ya saa za dunia ambayo karibu kila kompyuta inaitumia. Buda, nilikesha. Mei 1908 serikali ya kikoloni iliweka saa mbili na nusu. Julai 1, 1928, ikasogeza hadi tatu. Ilikuwa Jumapili. Miaka hiyo mashamba makubwa ya chai yalikuwa yanapandwa Kericho, na wazee wetu walianza wiki mpya saa ikiwa nusu saa mbele, jua likiwa palepale. Januari 5, 1930, ikarudishwa mbili na nusu. Mwaka 1937 ikaanza na saa mbili na dakika 45, eti robo! Saa tatu tunayoijua ilikuja Agosti 1, 1942, vita vikiendelea.

Kwa hivyo ukiandika +3 kwa mkono, halafu uingize rekodi ya 1934, mwaka ambao sheria ya kuwaondoa Talai kuwapeleka Gwassi ilipitishwa, utakosea nusu nzima ya saa. Mimi naona hiyo ni dharau kwa rekodi zetu.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: localize badala ya kubandika. Siku hizi natumia zoneinfo, imo ndani ya Python tangu 3.9.

Nikamwonyesha yule mama skrini: saa nane na dakika kumi. Akaangalia kwanza saa yake ya mkononi.